Usikate Kidonge Nusu

 

Leo nazungumza nawe mwenye sukari au presha, uliyeko Likoni, Kisauni au Changamwe, unayeishi kwa kibarua au biashara ndogo. Nikuulize: mwezi huu umekata kidonge nusu, au umeruka siku, ili dawa zifike mwisho wa mwezi?

Kama umefanya hivyo, hauko peke yako. Lakini fahamu kwamba presha mara nyingi haina maumivu, na sukari hudhuru polepole. Ukipunguza dawa bila kumwuliza daktari, mfuko hupata nafuu huku figo, macho na mishipa ikiharibika. Pesa ulizookoa kwenye duka la dawa utakuja kuzilipa wodini, tena kwa wingi.

Je, bima? Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966. Wengi walijiandikisha wakadhani yamekwisha. Sivyo. Kujiandikisha kunakufungulia mlango wa zahanati na kituo cha afya, ambako serikali ndiyo hulipia matibabu ya kawaida. Ukilazwa hospitali kubwa, kama ile ya Port Reitz, ni lazima uwe umelipa mchango. Mchango hupimwa kwa kipato. Wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani angalau 3,600. Hapo ndipo wengi hukwama, mpaka mgonjwa akilazwa jamaa waanze kuchangisha.

Basi fanya hivi. Kwanza, piga *147# ujiandikishe wewe na wanaokutegemea. Pili, weka shilingi 10 kila siku kwenye kibubu au chama. Kwa mwaka utafikisha 3,600. Tatu, pima presha na sukari katika zahanati ya karibu, usingoje kuzidiwa. Nne, dawa zikikosekana huko, mweleze daktari ukweli kuhusu uwezo wako. Huenda ipo dawa ya kazi ileile kwa bei nafuu. Kusema huna pesa si aibu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Meza dawa yako nzima, kwa wakati wake.

Tukutane wiki ijayo, inshallah. Kwaheri.