Bendera Ndani ya Prosesa

Shika kalamu tufanye hesabu moja: 200 jumlisha 100. Wewe utaandika 300. Prosesa ya 6502, iliyotoka Marekani mwaka 1975 na kuendesha kompyuta za Apple II, itakupa 44.

Haijakosea. Inafanya hesabu kwa biti 8, na biti 8 mwisho wake ni 255. Kwenye 300, 256 inamwagika, inabaki 44. Ila kilichomwagika hakipotei. Pembeni kuna rejista ya hali, kihifadhi kidogo ndani ya prosesa, ambacho karibu kila biti yake ni bendera: ikipanda ni 1, ikishuka ni 0. Hapa inapanda bendera C, sawa na ile 1 tuliyokuwa tukiipeleka kwenye makumi shuleni. Kwa namba kubwa, programu hujumlisha baiti za chini, kisha za juu pamoja na C. Na kwenye 6502 hakuna amri ya kujumlisha bila C, kwa hiyo usipoishusha kwanza kwa amri ya CLC, lile jibu la 44 linaweza kutoka 45.

Utamu uko hapa. Jumlisha 100 na 50. 150 inaenea vizuri, C imeshuka. Lakini kama unatumia namba hasi, biti zile zile 8 hubeba kuanzia -128 hadi 127, na 150 inasomeka -106. Chanya mbili zimezaa hasi! Hapo inapanda V, bendera ya kuonya.

Je, prosesa ilijua unatumia namba za aina gani? Haijui, wala haiulizi. Inaweka bendera zote mbili sawasawa. Ya kutazama unachagua wewe mwandika programu. Ukitazama isiyohusika, programu itaendelea kimya na jibu bovu, na kosa hilo litajificha hadi siku namba zitakapokuwa kubwa.

Kuna pia bendera Z, ambayo hupanda jibu likiwa sifuri. Kulinganisha namba mbili, kumbe, ni kutoa tu: jibu linatupwa, bendera zinabaki.

Wapo waliozikataa kabisa. RISC-V, muundo wa prosesa ulioanza chuo kikuu cha Berkeley mwaka 2010, hauna C wala Z. Amri moja hulinganisha rejista mbili na kuruka papo hapo. Anayetaka kujua kama jumla ya namba zisizo na hasi imemwagika, hutazama kama jibu limekuwa dogo kuliko namba mojawapo aliyoijumlisha.