Ndege wa Pwani Katika Bwawa la Mindu



Mwishoni mwa Agosti, majira ya joto yanapokaribia kwisha Ulaya na Siberia, ndege wa pwani huanza kuwasili Afrika Mashariki. Wengi hushukia matope ya Bagamoyo, Mto Ruvu unapoingia baharini. Lakini si wote wanaopenda maji ya chumvi. Wengine hupanda bara, wakatafuta riziki kandokando ya mabwawa na mito kama ile ishukayo kutoka Uluguru.

Wa kumfahamu kwanza ni chamchanga wa kawaida. Hata asiye na darubini humtambua, kwa kuwa hatulii: asimamapo juu ya jiwe, mkia wake hupanda na kushuka bila kukoma. Weupe wa tumbo lake hupanda mbele ya bega kama ncha ya kisu. Nduguye wa madimbwini ana madoadoa mgongoni, mstari mweupe juu ya jicho, na kiuno cheupe kinachodhihirika arukapo.

Ugumu uko kwa vitwitwi. Mwenye ukanda mmoja mweusi kifuani ni mgeni wa kaskazini. Mwenye kanda mbili na pete nyekundu kuzunguka jicho ni mwenyeji, na huzaa hapa hapa. Makinda ya wageni huchanganya zaidi, maana ukanda wao ni wa kahawia na pengine umekatika katikati. Mtazamaji afike alfajiri, jua liwe mgongoni pake, asiwakurupushe.

Ndege hawa hufuata tope, na hapo ndipo penye mashaka. Bwawa la Mindu lilijengwa miaka ya 1980 ili kuupatia mji wa Morogoro maji. Udongo unaosombwa na mvua kutoka mashamba ya miteremkoni yasiyo na matuta hutua humo, na kila debe la udongo hulinyima bwawa debe la maji. Kwa hiyo tope likizidi kutanuka mwaka hadi mwaka, si habari njema, hata kama ndege ni wengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Anayeona shamba limevuka mpaka huo ampe taarifa mtendaji wa kata kabla ya mvua za vuli.

Wageni wengi watakuwapo hadi Aprili.