CHEREHANI CHA ZAMANI KUTOKA DUKA LA HISANI: TUKIPOKEE AU TUKIACHE?

Hotuba ya mratibu wa mafunzo ya ushonaji kwa kamati za maendeleo za parokia na wahisani





Nimeombwa nizungumzie barua iliyofika ofisini kwetu. Mama mmoja wa parokia rafiki huko Scotland amekuta cherehani cha Singer katika duka la hisani la mtaani kwake. Ni cheusi, kina maua ya rangi ya dhahabu, na bei yake ni ndogo. Anauliza: je, akinunue akitume kwa kikundi chetu cha akina mama? Ni rahisi kujibu "ndiyo, asante" kabla ya kufikiri. Lakini jibu letu litagusa fedha za mhisani na pia riziki ya mwanamke atakayekaa nyuma ya cherehani hicho.

Kwa wasioyafahamu maduka haya, watu huleta vitu wasivyovihitaji tena, vikauzwa kwa bei nafuu, na mapato yakafanya kazi ya huruma. Kanisa lina historia ndefu hapa. Mwaka 1902, mchungaji wa Kimethodisti Edgar Helms alianza huko Boston, Marekani, kazi iliyokuja kuitwa Goodwill. Alikusanya nguo na vyombo vilivyochakaa, akawaajiri maskini wavitengeneze, kisha vikauzwa. Mwaka 1972, Wamenoniti wa mji wa Altona, Kanada, walifungua duka la namna hiyo ili mapato yake yasaidie kazi za shirika lao la misaada. Kwa hiyo duka lenyewe ni njia ya kutoa msaada, hata kama kitu kilichouzwa hakikuvuka bahari.

Sasa tukitazame cherehani chenyewe. Singer walikuwa na kiwanda kikubwa sana Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Hadi leo kituo cha treni cha pale kinaitwa Singer. Cherehani chochote kilichotoka kiwanda hicho kina umri unaozidi miaka 40, na vingi vimezidi 70. Vinadumu kwa sababu mwili ni chuma cha kalibu na sehemu za ndani ni chuma kitupu. Baadaye, miaka ya 1960 na 1970, vyerehani vingi vya nyumbani vilianza kuwekewa meno ya plastiki, ambayo hupasuka yakizeeka. Kwa hiyo cha zamani zaidi kinaweza kuwa bora kuliko cha juzi.

Hata hivyo, uimara peke yake hautoshi. Namshauri mama yetu, na mhisani mwingine yeyote, akague mambo manne akiwa bado dukani.

Kwanza, atazame bobini. Afungue kibati kilicho chini ya sindano. Akikuta bobini ya mviringo ndani ya kikasha kilichosimama upande wa kushoto, huenda hicho ni Singer 15. Vyerehani vyeusi vya Kichina tulivyovizoea, kama Butterfly, vimefuata muundo huo, kwa hiyo bobini na sindano zake zinapatikana kwa mafundi wetu. Akikuta kifuko chembamba chenye umbo la mtumbwi, na bobini ndefu kama kijiti, asikilete. Kinashona vizuri, lakini siku kifuko hicho kikipotea, huku hatutapata kingine kwa urahisi.

Pili, azungushe gurudumu kwa mkono, kuelekea kwake. Kikikataa, asilazimishe. Mara nyingi ni mafuta yaliyoganda. Matone ya mafuta ya taa, subira ya siku moja au mbili, kisha mafuta halisi ya cherehani, huweza kukifungua. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, kwani hugeuka gundi.

Tatu, atazame kinaendeshwa na nini. Cha mkono au cha mguu kinafaa kijiji kisicho na umeme. Chenye mota kikaguliwe nyaya, kwa sababu mpira wa zamani hukauka na kupasuka, na hapo ni hatari. Wahisani wa Marekani na Kanada wakumbuke kuwa mota zao ni za volti 110 hadi 120, na umeme wetu ni volti 230. Mota hiyo ikichomekwa hivi hivi, itaungua.

Nne, apige hesabu yote: bei ya dukani, usafirishaji, ushuru, gharama za bandari na gari la kukifikisha parokiani. Chuma ni kizito. Kisha atuulize bei ya cherehani kipya cha mguu hapa kwetu. Kama kipya ni nafuu kuliko usafiri wa cha zamani, jibu liko wazi.

Ndugu zangu, haya si kukosa shukrani. Katika Matendo ya Mitume tunasoma kuwa Dorkasi alipofariki, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Hatuambiwi alitumia sindano ya namna gani. Walionyesha kazi iliyowafikia wahitaji. Nasi tupime zawadi kwa nguo zitakazotoka, na si kwa uzuri wa maua ya dhahabu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Cherehani kimoja kimoja kibaki huko huko, kiuzwe, na fedha zitumwe zinunue cha kwetu. Vikiwa vingi, vya muundo mmoja, na vimekaguliwa na fundi, tuvipokee pamoja na sindano, bobini na mikanda ya akiba. Na kabla ya kupokea hata kimoja, kila kamati imteue mwanakikundi mmoja ajifunze kutengeneza, siyo kushona tu. Bila fundi, cherehani kikiharibika kitakuwa meza ya kuwekea taa.

Mama yetu wa Scotland nitamjibu kwa heshima, nikimshukuru na kumpa mashauri haya. Nina hakika ataelewa, kwa sababu anachotaka ni hicho hicho tunachotaka sisi: mwanamke ashone, auze, na watoto wake wale.