Maneno ya kutangulia muziki wa vijana wanne



Kabla vijana wetu hawajaanza, nipeni nafasi kidogo. Mnaona violoni mbili, alto moja na violonselo moja. Hamwoni mwalimu wa kuwaongoza kwa mkono. Kila mmoja hupiga sehemu yake huku akiwasikiliza wenzake watatu. Asiyesikiliza huwapoteza wote.

Wengine wamenung'unika: muziki usio na maneno ni sala gani? Swali si la upuuzi. Mimi mwenyewe niliwahi kuliuliza. Basi sikieni. Padri mmoja wa Cádiz, huko Hispania, alimwomba Joseph Haydn muziki wa Ijumaa Kuu, juu ya Maneno Saba ya Bwana wetu msalabani. Askofu alitamka neno moja, akalieleza, akashuka mimbarani na kupiga magoti. Ndipo muziki ukaujaza ule unyamavu. Vipande saba vya polepole, kimoja nyuma ya kingine! Haydn alikiri kwamba haikuwa kazi nyepesi kutowachosha wasikilizaji. Mwaka 1787 akavitengeneza kwa vyombo vinne kama hivi.

Kisha watapiga kazi ya jirani yetu, Justinian Tamusuza wa Uganda, ya mwaka 1988. Jina lake la Kiganda maana yake ni «Katika njia ya Msalaba». Humo mapigo ya Buganda yamekaa katika nyuzi za Ulaya. Wanaosema violoni si chombo chetu, wangoje hapo.

Mtoto akilia, msimtoe nje. Sasa ninakaa.