Baka Lisilowasha: Hotuba juu ya Maradhi ya Ngozi



Sisi si madaktari. Kazi yetu ni kalamu na daftari. Lakini mwenye kuandika michango ya chama huona jinsi fedha zetu zinavyotolewa kwa wepesi mtu akiisha kulemaa, na kwa uzito angali mzima. Ndiyo sababu twapenda kunena juu ya ngozi.

Ngozi ina namna tatu za kutupa habari: huwasha, huuma, au hunyamaza.

Inayowasha twaijua sana. Upele huwasha zaidi usiku, nao hupenda katikati ya vidole, viwikoni, kwapani na matakoni. Huletwa na mdudu mdogo mno anayechimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mtu aliyeambukizwa mara ya kwanza aweza kukaa majuma mawili hata sita kabla ya kuanza kujikuna, na muda huo wote anawaambukiza wenziwe. Kwa hiyo kumtibu mtoto mmoja peke yake ni kuteka maji kwa pakacha. Nyumba nzima ipakwe dawa siku moja, na nguo na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Choa, ambacho wengine hukiita mashilingi, ni duara lenye ukingo ulioinuka na katikati iliyo safi kidogo. Chanzo chake ni kuvu, wala si uchafu wa damu. Kikiwa mwilini hupona kwa dawa ya kupaka. Kikiwa kichwani, nywele zikakatika, dawa ya kumeza ndiyo itakiwayo. Tujihadhari na mafuta ya dukani yenye steroidi: hutuliza mwasho, huku kuvu ikizidi kuenea.

Inayouma nayo haisahauliki. Jipu huvimba, likawa na moto na usaha, kwa sababu ya bakteria. Lisikamuliwe kwa kucha. Mkanda wa jeshi huanza kwa maumivu, kisha malengelenge hujipanga upande mmoja wa mwili. Haukuletwa na husuda ya jirani. Ni virusi vile vile vya tetekuwanga, vilivyojificha katika mishipa ya fahamu, vikaamka nguvu za mwili zilipopungua. Dawa yake hufaa zaidi ikianzwa katika siku 3 za kwanza.

Sasa twafika kwenye ngozi inayonyamaza, nayo ndiyo tunayoiogopa kuliko zote. Baka lililofifia, au lenye wekundu wa shaba, lisilowasha wala kuuma, huenda likawa ukoma. Mtu afumbe macho, naye mwenziwe aliguse baka hilo kwa ncha ya pamba. Asipohisi kitu, aende hospitali bila kukawia. Hata akihisi, baka lisiloondoka lapaswa kuonwa na daktari.

Gerhard Armauer Hansen wa Norwe aligundua kijidudu cha ukoma mwaka 1873. Basi si laana, wala haurithiwi. Huenda polepole sana, na dalili zaweza kukawia miaka 5, hata 20. Watu wengi miili yao huushinda wenyewe. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa kadhaa zitumiwe pamoja: miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, miezi 12 kwa mwenye mengi. Dawa hizo hutolewa bure, na hapa Kenya kazi ya ukoma huangaliwa pamoja na ile ya kifua kikuu. Aliyeanza kuzitumia haambukizi tena watu wa nyumbani mwake. Lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa haifufuki, wala vidole vilivyopotea havirudi.

Wazee wetu, lililobaki ni aibu. Wako watu wanaofunika baka kwa shati la mikono mirefu wakiogopa kutengwa na ukoo, na katika kuogopa huko mkono hupooza. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Neno la mzee mmoja barazani, kwamba mgonjwa wa ukoma ni mgonjwa kama wengine, laweza kumfikisha mtu hospitali mapema kuliko mahubiri yetu.

Kwa hiyo twaomba chama kikubali jambo moja: mwanachama aliye na baka la namna hii apewe nauli ya kwenda hospitali, bila kuulizwa mbele ya mkutano. Nauli hiyo ni kitu kidogo ikilinganishwa na kumlisha mtu asiyeweza tena kushika jembe.