Nani Atabaki na Watoto? Msongo wa Kazi na Afya ya Akili ya Mwalimu wa Awali
Mada kwa ajili ya semina ya walimu wa awali na chekechea, Tosamaganga, Iringa



Nimeombwa nizungumzie msongo wa kazi. Mada za namna hii zimezoea kuishia kwenye nasaha: fanya mazoezi, sali, lala mapema, mambo ya kazini yaache kazini. Sina ugomvi na nasaha hizo, na sala hapa Tosamaganga hatujapungukiwa. Lakini mwalimu aliye peke yake na watoto 80 tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita mchana hana nafasi hata ya kwenda chooni. Huyo ukimwambia apumue kwa kina, unamkejeli. Ninachosema leo ni kwamba msongo wa mwalimu wa awali huanzia kwenye ratiba ya shule kabla haujafika kichwani mwake, na huko kwenye ratiba ndiko tuanze kuutibu.

Tukumbuke tulikotoka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, walioandikishwa awali nchini walipanda kutoka milioni 1 na kidogo mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5. Wazazi walitii walichoambiwa. Walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango cha taifa ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Sitauliza humu ndani nani ana 25, maana tutaishia kucheka.

Sasa tazameni asubuhi moja ya Juni, baridi ya huku ikiwa imekaza. Watoto wameingia na kamasi, wengine peku. Mwalimu anaimbisha. Katikati ya wimbo, mtoto mmoja amejisaidia pale pale kwenye mkeka. Yeye kanyamaza, jirani yake ndiye ameshatangaza. Mwalimu anamshika mkono, anamtoa nje, anamnawisha kwa maji ya dumu yaliyolala nje usiku kucha, anamvalisha kaptura ya akiba aliyoinunua mwenyewe mnadani. Hizo ni dakika kumi. Huku ndani wawili wanagombea chaki, mmoja kapanda dirishani, na mwingine ameshika njia kuelekea barabarani. Mwalimu mkuu anapita, anachungulia, na anachokiona ni darasa lisilo na mwalimu.

Mwenzake wa darasa la tano akimaliza kipindi anarudi ofisini, anasahihisha madaftari, anapiga soga kidogo. Wa awali hana kipindi kinachoisha. Uji ukija saa nne ndiye anayegawa, kikombe kikimwagika ndiye anayefuta, na chai yake ya asubuhi anaikuta saa saba ikiwa imeota utando. Halafu ofisini anaulizwa kwa utani, wewe wa vidudu umechoka nini, si mnaimba tu?

Mwanasaikolojia wa Marekani, Christina Maslach, ambaye kipimo chake cha uchovu wa kazi kilichapishwa mwaka 1981, aliuelezea uchovu huo kwa sura tatu: mtu anaishiwa nguvu za moyo, anawaona anaowahudumia kama mizigo tu, na anajiona hafai. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha yake kama hali inayotokana na kazi, wala halikuuita ugonjwa. Kwetu hali hiyo ina majina mengine. Tunasema presha, tunasema vidonda vya tumbo, tunasema kichwa kinagonga tangu Jumapili jioni. Usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi.

Na mkono unakuwa mwepesi kwenye fimbo. Hili tusilifunike. Tobias Hecker, Mabula Nkuba na wenzao walichapisha mwaka 2018 utafiti uliohusu walimu wa sekondari hapa Tanzania, wakaonyesha kuwa msongo wa mwalimu unaendana na ukali na adhabu za kuumiza. Mwanafunzi wa sekondari angalau anaweza kwenda kueleza nyumbani. Wa miaka mitano atasema tu hataki shule, na atachapwa tena kwa kusema hivyo.

Kuna mengine ni ya kwetu huku Nyanda za Juu Kusini, na semina za mijini huwa haziyagusi. Mkoa wetu unalisha wengine mahindi na viazi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliukuta unaongoza nchini kwa udumavu: watoto takriban 57 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Watoto hao ndio tunaowapokea. Mtoto anasinzia saa tatu, cha jana amekisahau, na mwalimu anarudi nyumbani akiamini kwamba yeye ndiye hajui kufundisha. Utafiti wa VVU wa 2016/17 nao ulikuta maambukizi mkoani kwetu yakizidi 11 kati ya watu wazima 100. Ndiyo maana watoto wengi mnaowajua wanalelewa na bibi. Wengine mama yao yupo hai, ila yuko Dar es Salaam kwenye kazi za ndani. Mtoto anamwambia mwalimu mambo ambayo hajamwambia mtu mwingine, tena kwa Kihehe, na mwalimu mwenyewe pengine katoka Kagera na hajakielewa. Msimu wa pombe ya ulanzi ukifika, anayekuja kumchukua mtoto saa nane ni mzazi asiyesimama vizuri, au kaka yake wa darasa la pili.

Kuhusu fedha nitasema machache, maana mnayajua kuliko mimi. Michango ya uji anadai mwalimu, na lawama anapokea mwalimu. Kwenye chekechea binafsi, ada zikichelewa mshahara unachelewa. Hapo ndipo mikopo ya kausha damu inapoingia, kadi ya benki inabaki kwa mkopeshaji, na mwalimu anasimama mbele ya watoto huku akihesabu tarehe.

Tufanye nini? Nitataja mawili, na la kwanza nalipa uzito zaidi. Darasa la awali liwe na mtu mzima wa pili, na pale asipopatikana kwa siku nzima, apatikane walau kwa nusu saa, kila siku, kwa zamu iliyoandikwa ukutani. Baadhi ya chekechea zina dada msaidizi, na tofauti mnaiona: mwalimu anayetoka dakika tano anarudi na sauti nyingine. Najua jibu la walimu wakuu, kwamba walimu hawatoshi. Ni kweli hawatoshi. Lakini shule yenye walimu saba inaweza kugawana nusu saa kwa siku tano bila kibali cha halmashauri. Kinachozuia ni dhana kwamba kuingia awali ni kushuka hadhi. Na tafadhali, tusimtume mwanafunzi wa darasa la saba akalinde watoto. Ana mtihani wake.

La pili: mwalimu akienda Hospitali ya Tosamaganga, au ile ya rufaa ya mkoa pale mjini, asiishie kusema kichwa. Aseme halali, aseme analia bila sababu, aseme ameanza kuwachukia watoto. Daktari hawezi kuandika asichoambiwa. Na kwa walimu wa binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mgonjwa mwenye cheti cha daktari likizo ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 nyingine kwa nusu. Mwajiri wako pengine hajakuambia.

Kwa kazi ya vikundi, naomba kila mwalimu mkuu atoe ratiba ya shule yake. Kwenye safu ya awali, saa nne hadi saa nne na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, andika jina la atakayeingia. Jina la mwalimu wa awali lisiwemo. Tutayasoma hapa mbele kabla ya chakula.