Ukurutu wa Mtoto na Mzio wa Chakula: Kuchunguza Kabla ya Kukataza

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya, Kinyinya, Wilaya ya Gasabo, Kigali

Fasili zinajulikana. Ukurutu ni ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha, na aghalabu huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka. Mzio wa chakula ni kinga ya mwili kupambana na chakula kisichodhuru wengine. Maradhi haya huandamana, lakini moja si ushahidi wa jingine.

Tatizo sugu ni katazo la haraka. Mtoto anajikuna mashavu na viwiko. Mama anaambiwa asimpe mayai, maziwa, karanga na soya. Kwa katazo hilo mtoto anaikosa hata Shisha Kibondo, unga wa lishe wenye mahindi, soya na maziwa unaogawiwa watoto wa familia maskini. Ngozi haiponi, kwani haikutibiwa, na lishe nayo imepungua. Hayo yanatokea Rwanda, ambako utafiti wa kitaifa wa 2019–20 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa.

Mada hii haipingi maabara. Ila kipimo chanya, cha damu au cha kuchoma ngozi, huonyesha tu kwamba kinga imekitambua chakula, si kwamba chakula hicho kitamdhuru mtoto.

Huko Cape Town, watoto 100 wenye ukurutu wa wastani hadi mkali walichunguzwa: 66 walikuwa na vipimo chanya, na 40 wakathibitika kuwa na mzio. Hao 40 si wa kupuuzwa. Waliobaki kati ya wale 66 wangenyimwa chakula bure. Kuepuka nako kuna hatari yake: katika utafiti wa London wa 2015, asilimia 17.2 ya watoto walioepushwa karanga walikuwa na mzio wa karanga walipofika miaka 5, dhidi ya asilimia 3.2 ya waliozila tangu uchanga.

Historia ya mtoto ndiyo kipimo cha kwanza, na haina gharama. Alikula nini? Kiasi gani? Baada ya dakika ngapi midomo ilivimba, au alitapika? Alipokula tena, ilijirudia? Mzio wa haraka kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa 2.

Mapendekezo:

1. Ngozi itibiwe kwanza: mafuta mazito kila siku, na krimu ya steroidi kwa maelekezo ya mtaalamu.
2. Kipimo kisiagizwe bila historia.
3. Chakula anachokula bila shida kisiondolewe kwa sababu ya karatasi ya maabara pekee.
4. Kikiondolewa, mbadala utajwe, uzito ufuatiliwe, na tarehe ya kukirudia iandikwe.
5. Aliyewahi kubanwa pumzi au kuvimba midomo baada ya kula apewe rufaa. Jaribio la kumlisha chakula kinachoshukiwa lifanyike hospitalini penye adrenalini, kamwe si nyumbani.
6. Wahudumu wa afya ya jamii wafundishwe kuuliza historia kwa maswali yaliyotajwa hapo juu.
7. Wizara ya Afya iombwe kusambaza vituoni mwongozo wa ukurasa mmoja.

Washiriki wanaombwa, wakirejea vituoni, wapitie upya kila faili la mtoto mwenye ukurutu aliyekatazwa mayai au maziwa, na waulize: alikatazwa kwa ushahidi gani?